Kioo Namba 318

Julai, Mbeya. Vidole vinaganda kwenye skrubu ya darubini.
Loleza imejifunika ukungu, sisi masweta.
Kipande hiki ni cha Twilumba Chaula, miaka kumi na mmoja, wa Matamba:
kinyama kidogo kuliko punje ya mchele,
kimechovywa rangi, waridi na zambarau.

Pale palipopaswa kusimama vidole,
vile vidole vya utumbo, virefu, vyembamba,
vinavyochambua chakula na kukipeleka damuni,
pamelala,
shamba baada ya mvua ya mawe.

Nahesabu.
Katika kila seli mia za ukuta, vidoa vyeusi sitini na viwili.
Narudia toka mwanzo. Sitini na viwili.

Si wavamizi hao. Ni wenyeji wa humo ukutani,
wapo tangu mtoto ananyonya,
ishirini hivi, kazi yao kukaa macho.
Siku moja mmoja aliokota chembe ya ngano
akaisoma vibaya.
Akaita wenzake. Walikuja, hawakuondoka.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, tulifundishwa.
Hapa imelia kwa sababu ya andazi.

Faili linasema: tumbo limejaa, mikono fito,
dawa ya minyoo mara nne.
Halisemi kwamba mama yake alimzidishia chapati
ili apate nguvu.
Hilo alilisema mwenyewe, dirishani, akinikabidhi karatasi,
na kwamba nauli ya kuja huku
ni magunia mawili ya ngano.

Umeme ukakatika. Nikabaki gizani na wale sitini na wawili,
watiifu kupita kiasi,
wakibomoa nyumba wanayoilinda.
Sikuweza kuwachukia. Nilijaribu.

Alhamisi nikampita baba yake koridoni, kofia mkononi,
daktari akimweleza polepole.
Ngano, hapana. Maisha yake yote.
Yule mzee akatazama viatu vyake,
bado vina udongo wa shambani.

“Akipita katikati ya ngano, akiishika?”
“Apite. Aishike. Asiile tu.”
“Na viazi?”
“Viazi ale.”
“Ulezi?”
“Ulezi ale.”
“Mahindi?”
“Ale, mzee.”

Akavaa kofia.
“Basi lile la chini nitalipanda viazi,” akasema,
na hakusema lile la juu atalifanyaje.