Kifungu cha Kumi na Nne

Kibanda chetu ni cha kioo, upana wa kitanda cha kamba,
nyuma kabisa ya ukumbi, ghorofa ya pili, Posta ya Zamani.
Mimi na Restituta Ngonyani tunapokezana kila nusu saa:
mmoja anasema, mwingine anamenya karanga kimyakimya
na kuandika tarakimu, maana tarakimu hazisubiri.

Siku ya kwanza tuligombania neno.
Waliotutangulia wameliita kinu,
na mimi kila nikilitamka kwenye kipaza sauti
nasikia mchi wa mama, Temeke, saa kumi na moja alfajiri,
kisamvu kikipondwa hadi ukuta wa jirani unatikisika.
"Si ndivyo?" akasema Restituta. "Hiki nacho kinapasua chembe."
Tukaliacha. Kinu.
Ila kinu cha mama hakikudai saini za mataifa tisa.

Mcheki anasema taratibu, Mungu ambariki.
Mkorea ana michoro mizuri: kinu kidogo,
kinashushwa bandarini kimefungwa, kama jokofu jipya.
Mama wa Ajentina anauliza nani atafunza mafundi,
na wakishafunzwa, nani atawazuia wasihame.
Kisha chumvi, chumvi iliyoyeyushwa,
inayobeba joto la kutisha bila kuchemka;
natafsiri chumvi, chumvi, chumvi,
mpaka Restituta ananisogezea maji.

Kurutubisha urani: neno hilo silipendi.
Kurutubisha ni samadi, ni mchicha wa bonde la Msimbazi.
Restituta kwao Namtumbo, anajua jiwe linalala wapi;
kila wakisema "malighafi" anaacha kumenya karanga.

Jana usiku, Mtoni kwa Azizi Ali, umeme ulikatika.
Wifi yangu Tabia, muuza barafu za ubuyu,
akafungua friza, akawagawia watoto wa mtaa mzima
kabla hazijayeyuka. Hakuitisha kikao.
Mimi chumbani nakariri istilahi kwa mwanga wa simu:
kipozeo, kidhibiti, nusu-uhai.

Leo mchana tumefika kifungu cha kumi na nne. Taka.
Kinu kikizeeka, nani atazichukua?
Rasimu inasema nchi iliyouza "itazingatia kuzirudisha kwake."
Mjumbe wetu, Injinia Mwinchande Pazi, akainua kibao:
"Itazirudisha."
Ukumbi kimya, viyoyozi tu vikiguna.
Zikaja sauti tatu kwa mpigo masikioni mwangu,
kila moja ikilizunguka lile neno
kama mwenye viatu vipya anavyozunguka dimbwi.

Wakaomba mapumziko ya robo saa. Yakawa saa mbili.

Nikakaa na hesabu yangu: kuna kitu mle ndani
ambacho nusu-uhai wake ni miaka elfu ishirini na nne.
Nani atakuwa anasema Kiswahili?
Tutaandika nini mlangoni? HATARI, kwa rangi nyekundu,
na fuvu juu yake; mtoto wa siku hizo
atadhani ni babu wa mtu, kazikwa na mali zake.
Atachimba.

Waliporudi walikuwa wamekubaliana, yaani nusu.
"Tutashirikiana," akafunga mwenyekiti,
nami nikasema tutashirikiana,
neno lenye mkia wa kupeana na kufaana,
mkia uleule wa kutegana, kudaiana, kulana nyama.
Akarudia kifungu mara ya mwisho, polepole, kiandikwe,
na kwamba kitajadiliwa tena Novemba.

Restituta akavua visikilizio, akakung'uta maganda mapajani.
"Umesema itazirudisha," akaninong'oneza.
"Mwenyekiti kasema itazingatia."
Nikamjibu nimechoka.
Kinasa sauti kilikuwa kimeshameza.

Nikashuka ngazi, nikanunua umeme wa elfu tano,
na nilipofika nyumbani nikaziingiza kwenye mita
namba zote ishirini, moja moja, kwa kupapasa,
nikiogopa kukosea hata moja.