Umeme Ulipokatika Kidabaga

Mashine yangu ya kusaga haijui kunong'ona.
Kuanzia saa mbili asubuhi inanguruma
hadi misumari ya bati inalegea,
nami, mwaka wa kumi na tisa huu,
biashara naifanya kwa vidole:
kimoja, debe; vitatu, gunia;
kiganja kikigeuzwa juu, mama anaomba nimkopeshe.

Kwa hiyo nilijiona najua ninachosema
nilipoinuka kwenye mkutano wa kijiji, mwezi wa tano,
nikasema vijana wa leo hawana salamu.
Wanakuja, wanatua ndoo, wanasimama
kama nguzo za umeme.
Nikasema marehemu baba, akikutana na mtu njiani,
alivua kofia, akauliza habari za nyumbani,
za watoto, za ng'ombe, za mguu ule uliokuwa unauma,
kamwene kwa kamwene, ugali unapoa,
na wakishaachana, huyu bondeni, yule kilimani,
bado wanaitikiana.
Watu wakapiga makofi. Bi Semwenda akapiga kigelegele.
Mwenyekiti akaandika: *Adabu*. Akapigia mstari.

Kisha Jumamosi moja ya Julai.
Ukungu umelala mpaka vizingitini,
foleni imefika kwenye mipichi ya Kihwele,
kila mtu mikono kwapani.
Mahindi ya Edina yako nusu kinuni.
Umeme ukakatika.

Hujawahi kusikia kimya cha namna ile.
Mkanda ulizunguka kwa uvivu mara mbili, tatu, ukasimama.
Unga ukaendelea kushuka hewani wenyewe,
ukanitua kwenye kope.
Nikasikia jogoo wa ng'ambo ya bonde.
Nikasikia mtoto akipenga kamasi.
Halafu, karibu kabisa na kiwiko changu:
"Shikamoo, baba Tuli."

Yoramu wa Kikoti. Suruali imechanwa magotini kwa makusudi,
nywele zimekatwa kama ramani ya barabara.
Nikamtazama mdomo. Mdomo ule naufahamu:
unafunguka kidogo, unaishia kwenye duara.
Kila Jumamosi nimeusoma
nikidhani unauliza bei,
nikanyoosha mkono kupokea hela.

Nikafungua kinywa niitikie.
Unga ulikuwa umenikaba, au kitu kingine;
marahaba ikatoka imepinda
kama msumari uliong'olewa kwenye ubao.
Nikairudia. Ya pili ikanyooka.
Nyuma kidogo, sauti nyingine: shikamoo.
Na binti mmoja, kamwene, amechuchumaa kando ya ndoo yake,
goti limegusa pumba.
Nikaitikia, nikaitikia,
kama mtu anayelipa deni la duka
sarafu kwa sarafu, mwenye duka akihesabu.

Sitadanganya. Wawili hawakusema kitu.
Mmoja ana waya masikioni, umeme uwepo usiwepo.
Wa pili, Agripina, alinitazama tu,
na nilipomuuliza, mwanangu, wewe huamkii?
akajibu bila ukali, akipangusa mfuniko wa ndoo:
"Niliacha nikiwa darasa la tano.
Nilichoka kujibiwa na mashine."

Hata Bi Semwenda, aliyekuwa wa nne kwenye foleni,
ghafla alikuwa na kitu cha kutafuta kwenye pindo la khanga.

Karibu saa saba taa ya juu ya kinu ikawaka.
"Umerudi!" wakasema watoto, na ndoo zikaanza kusogea.
Nikaenda kwenye swichi. Nikaweka kidole.
Baridi ilikuwa inauma, kila nyumba inangoja unga,
na Edina ameshikilia mdomo wa gunia, tayari.

"Agripina," nikasema. "Za nyumbani?
Mguu wa mama unaendeleaje?"

Akanitazama tena, kwa muda mrefu zaidi.
Mtu akaguna nyuma huko.
Sikubonyeza.