Kifungu cha Nne

Valdivia mvua hainyeshi, inahamia.
Inafika Mei na virago vyake
na haiagi mpaka Septemba.
Ndiyo riziki yangu mimi, Nilda Catrileo:
ngazi moja ya alumini, ndoo mbili, kamba,
glavu za mpira zilizotoboka kidole cha shahada.
Nazibua mifereji ya mapaa. Nakomba majani, kuvu,
mara moja kiota, mara moja kiatu cha mtoto.

Kwa miaka sita mkataba wangu ulikuwa mkono.
Don Evaristo Schwalm alinipa wake juu ya lango,
mkavu, mzito, wa mtu mwenye duka la mbao.
"Tutaelewana," akasema,
nami nikaona neno hilo lina paa na kuta.

Siku ya kwanza, mifereji ya mbele.
Ya pili: "Na huko nyuma, si ni palepale?"
Ya tatu, banda la kuni. Ya nne, bomba la jiko,
"maadamu uko juu."
Maadamu. Neno dogo, linakula siku nzima.

Halafu mvua ikahamia.
Ikapenya chumba cha wageni, pale ambapo
vigae vya mbao viliozea tangu enzi za babake.
Dari ikavimba kama shavu lenye jino bovu.
"Aliyekuwa juu ni wewe."
Hakulipa. Si siku ya kwanza, si ya nne.
Nikasimama langoni nikilitafuta lile "tutaelewana"
nimwonyeshe. Lilikuwa limekwisha kauka
kwenye kiganja kilekile.

Mpwa wangu Yasna anasomea ukarani.
Akasukuma kando mkate na chai,
akaniuliza kama daktari:
Paa lipi? Mita ngapi? Nusu ya pesa lini, nusu lini?
Akichelewa je?
Kabla hujapanda, ulikuta nini kimeoza, na picha iko wapi?
Sikuwa na jibu hata moja,
mimi ninayejua kila msumari wa mtaa huu.

Ukurasa mmoja na nusu.
Kifungu cha nne nilikitunga mwenyewe,
Yasna akakichapa bila kukigusa:

    Kisichoandikwa humu hakimo.
    Kikiongezwa, kiandikwe, kipewe bei, tutie saini upya,
    hata kama niko juu.

Aprili nikampelekea Bi Hortensia Oyarzo, mjane wa mwalimu,
ambaye hajawahi kuniacha nishuke ngazi
bila kipande cha keki ya tufaha.
Akavaa miwani. Akasoma. Uso ukamwanguka.
"Huniamini, Nilda?"

Nilitamani kuirudisha ile karatasi mfukoni.
"Wewe wa leo nakuamini," nikasema.
"Hii ni ya sisi wa Julai,
tumelowa, tumechoka,
kila mtu na kumbukumbu yake."

Akanyamaza. Akakata keki.
Akauliza kama kifungu cha nne kinagusa na kibanda cha kuku.
Nikasema kinagusa.
"Basi kiandike. Kibanda, na bei yake."
Kalamu yangu ikagoma; akaniazima ya marehemu.

Siku hizi napiga picha kwanza, ndipo napanda,
nakala ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani.
Don Evaristo bado hunipungia kutoka ng'ambo ya barabara.
Nami humpungia.
Mkono, nimejifunza, kazi yake ni hiyo.