Inaridhisha

Neno hilo nililiandika mimi,
kwa kalamu ya serikali, Milwaukee, mwezi wa Februari,
hita ya gari ikinikausha midomo.
Benki ya Merrow: inaridhisha.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu.
Unapochota amana, papo hapo kopesha;
usiwe ng'ombe wa kulishwa kwa huyu
na kukamuliwa kwa yule.
Nilihesabu matawi. Nilihesabu mabango.
Nilihesabu hata kalenda walizogawa kanisani,
zenye picha ya ziwa.
Mikopo ya nyumba, kaskazini mwa Mtaa wa Ashby,
ilikuwa saba kwa miaka mitatu.
Saba si sifuri, nikajiambia,
nikafungua ukurasa mwingine.

Kisha Merrow wakaomba kuimeza benki ndogo,
ikabidi watu wasikilizwe.
Ukapatikana ukumbi wa shule, viti vya watoto,
magoti yetu yakikaribia videvu.
Mawakili walisema saa nzima.
Ndipo akasimama Verlene Tubbs, mpishi mstaafu wa hospitali,
theluji ikimyeyukia viatuni,
bati la biskuti kwapani.

"Humu mna stakabadhi zenu
za miaka thelathini na mmoja, Ijumaa hadi Ijumaa.
Dola nane. Dola kumi na mbili.
Wiki aliyozaliwa Lamont, dola mbili.
Mlituambia haba na haba hujaza kibaba.
Kikajaa. Nikaja kuomba cha kuezekea paa,
kumbe kibaba kimehamia vitongojini,
kwenye nyasi zinazokatwa kila Jumamosi."

Watu wakacheka, kicheko kikavu.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo isemwavyo.
Ashby waliyajua matanga:
duka la rehani, riba ya wiki,
pete ya marehemu mama nyuma ya kioo, ina bei.
Harusi ndiyo hawakualikwa.

Mwenyekiti akamuuliza kama amemaliza.
"Nina swali moja.
Nimesoma hapa, inaridhisha.
Ilimridhisha nani?"

Bomba la mvuke likagonga ukutani.
Ningeweza kutazama saa. Niliitazama.
Kisha mkono wangu ukanyanyuka wenyewe,
kama wa mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Alipita katikati ya viti, akaniwekea bati magotini.
"Basi kahesabu na hizi."
Nilipoinamia mkoba wangu, akabaki amesimama.
"Niandikie stakabadhi."

Nikaandika: bati moja la buluu, kifuniko kimebonyea.
Karatasi elfu moja mia sita na kumi na mbili;
hesabu ni yake, mimi nilimwamini.
Nikatia sahihi, na tarehe.
Akaisoma mara mbili, akaikunja mara nne,
ikaingia mfuko wa ndani wa koti.

Mei, Merrow waliruhusiwa, kwa masharti.
Masharti yalitosha ukurasa mmoja na nusu.
Kuhusu paa sijauliza; naogopa jibu.

Bati liko mezani kwangu, kando ya mhuri.
Nasoma karatasi moja moja,
wino umefifia, sahihi za makarani
ambao huenda walishakufa.
Na Ijumaa, saa tisa alasiri,
saa aliyokuwa akipanga foleni dirishani,
simu hulia.
Hasalimii.
"Umefika ya ngapi?"