Maagizo kwa Sikudhani

Usiingie chumbani na harufu ya kuku mkononi.
Ukisahau mengine yote, hilo usilisahau:
nawa kwa sabuni hadi kiwiko.
Limi hatazami mtu, Limi hunusa,
na mkono unaonuka kuku, kwake ni kuku.

Usimwogope. Usimzoee pia.
Futi kumi na nne si mkufu.
Ukitaka kumfungua, muwe wawili;
mwite Kibwana wa karakana, ana mikono tulivu.
Mjomba wako Luhende alimleta kutoka Magu akiwa mwembamba kama mpini,
akamwita Limi, yaani jua, kwa lugha ya kwao,
akacheza naye viwanja vyote vya Bagamoyo, miaka kumi na moja,
na hata yeye hakumfungua peke yake
hata mara moja.

Taa nyekundu iwake upande wa dirisha.
Upande wa mlango uache ubaridi, achague mwenyewe;
nyoka hana jiko tumboni, huazima moto.
Umeme ukikatika, na utakatika,
jaza maji ya moto madumu mawili, yafunge kwa khanga.
Si ile ya kisutu. Ile ya kisutu ni yangu.

Sungura mmoja, kila wiki ya tano, aliyekwisha kufa.
Aliye hai ana meno: litazame hilo kovu chini ya taya.
Majirani watasema amekonda, watakuletea majogoo.
Wakatalie.
Chatu mnene hufa kimyakimya, mafuta yamembana moyo,
halafu watu husema karogwa.
Akishameza, wiki nzima usimguse.
Akitapika, nipigie.

Beseni la bluu, maji mapya kila asubuhi.
Ukiona vidoti vyeusi vinaelea, ni utitiri:
choma magazeti yote, sugua sanduku hadi pembeni.
Na usiku, kabla hujalala, tega sikio.
Pumzi yake haina sauti.
Ukisikia filimbi puani, ukiona povu mdomoni,
usimpake mafuta ya nazi, usimwite mganga.
Namba ya daktari Mapunda ipo nyuma ya kalenda.
Atasema yeye ni wa ng'ombe.
Mwambie Bi Mwasiti kasema uje.

Kibali cha Maliasili kimo kwenye mkebe wa biskuti.

Sasa kaa. Hili si agizo.
Iko siku macho yake yatageuka maziwa.
Atajikunja, atagoma kula, atakufokea.
Usidhani ni ugonjwa.
Mnyunyizie maji kama mchicha,
muachie lile jiwe la matumbawe ajisugulie.
Siku ya kumi, au ya kumi na mbili, gamba litatoka zima,
kuanzia mdomoni, kama soksi.
Liinue kwenye mwanga, tazama kichwani:
lazima uone vioo viwili vya macho, vidogo kama magamba ya dagaa.
Kikikosekana kimoja, kimebaki jichoni.
Usikibandue kwa kucha. Kitambaa chenye majimaji,
na subira.

Mimi naenda Muhimbili kubanduliwa changu.
Mtoto wa jicho, wanamwita, kana kwamba nimemzaa.
Dakika ishirini, wamesema, na kisu chembamba kuliko wembe.
Tangu Luhende azikwe nimemlisha Limi kwa koleo refu na kubahatisha,
nimemjua kwa uzito wake, kwa ubaridi wa tumbo lake pajani pangu,
na yeye kila baada ya miezi kadhaa
anavua ukungu wake mwenyewe,
bila foleni, bila kadi ya bima,
anaamka na dunia mpya.
Nilimwonea wivu. Ndiyo, nyoka.

Basi linaondoka saa kumi na moja, usinisindikize.
Ila akijivua kabla sijarudi,
lile gamba usilitupe, usimpe mtu dawa.
Liweke juu ya kabati, lisikunjwe.
Vile vioo nataka nivihesabu mwenyewe.