Violezo Vitatu

Nilianza na daftari la hesabu, lile la visanduku,
nimekalia dumu la lita ishirini
nyuma ya kiwanda cha barafu, Kirumba.
Dumu lenyewe ndilo lililonifundisha:
mraba, ila pembe zimelainishwa
lisije likamkata mtu bega.

Nikasema, herufi zangu ziwe hivyo.
Nene. Pekupeku, bila visigino wala vikucha.
O isiwe yai, iwe kipande cha sabuni kilichofulia siku mbili.
Uwazi wa ndani niliuacha mdogo, kisha nikaupanua,
maana rangi ya mafuta huvimba,
na e iliyoziba haisomeki,
inakutazama tu, kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Na kwa kuwa kila herufi ni mraba, nikagundua jambo,
nikacheka peke yangu hadi Shigela akauliza kama naumwa:
M ukiipindua ni W.
N ukiilaza ubavu ni Z.
Ongeza A.
Violezo vitatu vya bati la debe, na mji mzima umeandikika.

Q na X nilizichora mwisho, usiku, bila chai,
kama mtu anayewatandikia kitanda
wageni asiojua kama watafika.

Kazi zikaja zenyewe.
HATARI UMEME.
MAABARA, kwenye korido ya zahanati,
mama aliyesahau miwani asijekuingia stoo.
Namba za mitumbwi. Bei ya sangara, inayofutwa kila asubuhi.
Ila usiniletee kadi ya harusi.
Nilijaribu moja, ya binti wa Lushinge:
“Mnakaribishwa” ikasomeka kama amri ya polisi.

Kisha akaja Nkwimba na mtumbwi mpya,
mbao bado zinanuka randa.
Akataka jina la marehemu dada yake,
Ng'walu,
ambaye cheti cha shule, kadi ya kliniki, hata msalaba
vilimwita Ngwalu.
Makarani walidhani ile alama ni kinyesi cha nzi.

Nami sikuwa nimeichora.
Tarakimu zote, mabano, hata alama ya asilimia,
na hiyo nikaisahau mimi, mwana wa Ng'washi.

Nikarudi kwenye visanduku.
Kitone chenye mkia hakikufaa,
wimbi la kwanza lingekilamba.
Nikachora jiwe: mraba mdogo, pembe laini,
nene kupita adabu,
nikalitengea nafasi yake kati ya G na W,
upana wa kidole gumba changu.

Mtumbwi uliposhushwa majini
Nkwimba alisimama mwambani, kanga mdomoni.
Kijana mmoja aliyekuwa akikung'uta dagaa, asiyemjua yeyote kati yetu,
akainua kichwa, akalisoma jina kwa sauti,
akalitamka puani, sawasawa, kama mamaye alivyolitaka.

“Rudia,” Nkwimba akamwambia.

Akarudia.