Sikio la Kununulia Gari

Basi la saa kumi na mbili lilifutwa Oktoba.
Nina shule tisa za mashambani, kila shule piano moja,
kila piano na nongwa yake.
Nikatia pesa kwenye bahasha: yuro elfu moja na mia nane.
Si nyingi. Ndizo.

Shemeji yangu Guntars akacheka:
"Vizma, kwa bei hiyo utauziwa ugonjwa."
Nikamjibu kwamba riziki yangu yote
natafutia ndani ya vitu vigonjwa.

La kwanza lilikuwa jekundu, huko Valmiera,
limeoshwa hadi kwenye nati, linanukia vanila.
Mimi nikisikia vanila najiuliza kumeoza nini.
Mita ilisema kilomita elfu tisini;
pedali ya klachi, imelika hadi chuma, ilisema vingine.
Nikagusa boneti: ya moto.
Mgonjwa kaamshwa alfajiri, kavishwa shati safi,
ili wageni wamkute mzima.
Kizuri chajiuza, wasema. Hiki kilikuwa kinaimba.
Nikaaga, nikaenda kusubiri basi.

La pili lilikuwa la mchungaji wa Smiltene.
Alilala nami chini, kwenye tope la theluji,
akachokoa kizingiti cha mlango kwa ufunguo.
Ufunguo ukazama.
Tukatazamana pale chini, mashavu kwenye maji.
"Usilinunue," akasema yeye, kabla yangu.
Mtu mwema, chesesi mbovu;
mambo haya mawili hayaulizani.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya nota:
bima, ukaguzi wa mwaka, tairi nne za barafu,
lita tano na nusu kila kilomita mia,
na fundi, ambaye bei yake huijui mpaka ashike kiuno.
Kununua ni harusi. Kuendesha ndiyo ndoa.
Nikalala na kalamu mkononi.

La tatu: Rauna, daktari wa mifugo mstaafu,
Modris, masikio makubwa, maneno machache.
Gari rangi ya maji ya mvua kwenye pipa,
ubavu umebonyea.
"Ng'ombe," akasema. "Hakukusudia."
Kwenye buti bado harufu ya dawa na majani makavu.
Na daftari! Kila lita, kila oili,
kila balbu iliyoungua, kwa mwandiko wa sindano.
Hakuliwasha mpaka nilipofika.
"Ulisikie likiwa baridi," akasema,
nami nikajua nimekutana na mwenzangu.

Nikafumba macho.
Silinda tatu zilianza kwa kusitasita,
kama watoto watatu wasiojua nani aanze,
halafu zikapatana.
Chini yake, tik, tik, valvu moja,
haiongezi chumvi ukikanyaga, haijifichi ukiachia.
Huo ulikuwa uzee, haukuwa ugonjwa.
Piano za miaka themanini hugonga hivyo,
na watoto hujifunzia.

"Hita imekufa," akasema. "Mimi huvaa koti."
Nikaweka bahasha mezani.
Akahesabu mara mbili, akasugua pua,
akauliza daftari ataliandika nani.
"Mimi."
Akanirudishia mia na hamsini: "Za tairi."
Akaongeza gunia la viazi, sikuomba.

Sasa ni Januari. Naendesha kwa glavu mbili mbili,
kioo nakifuta kwa kipande cha sufi ya nyundo za piano.
Nikifika sabini, dashibodi hutetema
kwa sauti ya la, imeshuka kidogo.
Nimejaribu karatasi iliyokunjwa, nimejaribu kizibo,
inaniudhi hadi kwenye magego,
nayo haisikii dawa.

Chini ya mwandiko wake nimeandika wangu:
*Lita ishirini na mbili. Baridi kali.
Limewaka mara ya kwanza.*